Shajara ya mradi: huduma ya kwanza kwa walinzi wa mlangoni, na neno tulilolipiga marufuku

Shajara hii inaandikwa kwa ajili ya wasimamizi wengine wa mabaunsa ambao wangependa kuifuata kazi hii au kuiiga. Gharama nazitaja kwa saa za watu na kwa idadi ya vifaa, kwa sababu bei hutofautiana mahali na mahali, ilhali saa moja ya mlinzi ni saa moja popote alipo.

6 Januari: Kwa nini tumeanza

Tuko walinzi 14 tunaopokezana zamu katika klabu ya usiku yenye milango miwili, ngazi moja ya kuteremkia ukumbini na uwanja mdogo wa nyuma wanakovutia sigara. Mimi ni msimamizi wa zamu. Mwishoni mwa mwaka uliopita kijana mmoja alitolewa ukumbini akiwa ameshikwa makwapani, akaketishwa nje akiegemea ukuta, na kila mlinzi aliyempitia alitamka kwenye redio neno lile lile: amelewa. Kijana alikuwa akikoroma. Ilipita karibu nusu saa kabla ya mmoja wetu kuona damu iliyokauka nyuma ya sikio lake na kuita gari la wagonjwa. Kumbe alikuwa ameteleza kwenye ngazi na kugonga kichwa. Pombe aliyokunywa ilitosha kunuka mdomoni, lakini haikuwa nyingi kiasi cha kumwangusha. Alipona. Aliyeamuru atolewe ni mimi, na ndiyo maana mradi huu nimeuanzisha mimi.

Lengo tulilojiwekea ni dogo na linapimika: katika dakika ya kwanza, kila mlinzi awe ameshahakikisha kama mtu aliyeanguka anaitika na anapumua, na awe ameanza kufanya jambo linalofaa.

13 Januari: Kipimo cha mwanzo

Kabla ya kulipia mafunzo yoyote tulitaka kujua tulipo. Klabu ikiwa imefungwa, mtu wetu mmoja alijilaza kwenye ujia wa kuelekea vyooni akijifanya amezirai, na walinzi wakaingia mmoja mmoja bila kuambiwa watakachokuta. Kati ya 14, kumi walimshika makwapani moja kwa moja wakaanza kumwinua. Wawili waliita msaada kwenye redio kabla ya kumgusa. Wawili tu ndio waliopiga magoti na kuangalia kama anapumua.

Kilichonisumbua zaidi ni kwamba tisa kati yao walikuwa na vyeti vya huduma ya kwanza ambavyo havijaisha muda. Kwingine cheti ni sharti la kisheria. Uingereza, kwa mfano, tangu 2021 anayeomba leseni ya kulinda mlango hutakiwa kuwa nacho kwanza. Sharti hilo ni zuri, lakini vyeti tulikuwa navyo na bado tulimburuta mtu. Nilimuuliza mmoja wa wale tisa kwa nini hakuangalia pumzi, akanijibu: “Kaka, darasani aliyelala ni mgonjwa. Hapa aliyelala ni mteja anayetakiwa kutoka.” Jibu hilo nililiandika ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa sababu lilinionyesha kuwa tatizo liko kwenye mazoea. Mikono ya mlinzi imefundishwa kutoa watu nje, na pasipo zoezi jingine itafanya hivyo hivyo kila mara.

Gharama: saa 14 kwa jumla, na mkeka mmoja.

27 Januari: Kozi ya siku moja

Mkufunzi alikuja, tukafundishwa kukandamiza kifua, kumlaza mtu ubavu, kuzuia damu, kumsaidia aliyepaliwa na kumwangalia mwenye kifafa. Wote 14 walifaulu. Kwa atakayeiga nina angalizo moja tu: wanasesere wa mazoezi walikuwa wawili, na kila mtu alipata chini ya dakika kumi za kukandamiza. Ombeni mwanasesere mmoja kwa kila watu wanne, la sivyo mtalipia siku nzima ya kutazama wenzenu wakifanya.

Gharama: saa 8 kwa kila mtu, yaani saa 112.

10 Februari: Ukumbini, muziki ukiwa juu

Leo tulirudia mazoezi mahali pa kazi penyewe, taa zikiwa chini na muziki ukiwa katika kiwango cha usiku wa Jumamosi. Karibu kila tulichojifunza kilivunjika, na naeleza kwa kirefu kwa sababu ndipo mradi ulipoanza kweli.

Pumzi ndizo zilizotushinda kwanza. Darasani tulifundishwa kutazama kifua, kusikiliza na kuhisi pumzi shavuni kwa muda usiozidi sekunde 10. Ukumbini hakuna kinachosikika, na mbaya zaidi, mngurumo wa besi hutikisa sakafu na kila kilicho juu yake. Mlinzi mmoja aliweka mkono juu ya kifua cha mwanasesere akatuapia kwamba anapumua. Marekebisho tuliyoyapata baada ya majaribio mengi ni haya: tochi imulike kifua kutoka upande ili kivuli kionekane kikipanda na kushuka, kiganja kitandazwe pale mbavu zinapokutana na tumbo, na macho yafuate upindo wa nguo. Ikifika kumi bila uhakika, mtu huyo anahesabiwa kuwa hapumui. Tulisisitiza pia pumzi za kukata roho, yaani kule kutweta kwa nadra, kama samaki aliyetolewa majini, ambako huweza kuendelea kwa dakika kadhaa baada ya moyo kusimama. Huko si kupumua. Watatu kati yetu walikiri kwamba wangemlaza mtu wa namna hiyo ubavu na kumwacha.

Kasi ya kukandamiza ilitushangaza zaidi. Kinachotakiwa ni mikandamizo 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6, na kifua kiachwe kirudi juu kabisa kabla ya kukandamizwa tena. Muziki mwingi wa kuchezea ukumbini huenda mapigo 120 hadi 130 kwa dakika, na mwili wa binadamu hufuata mdundo hata usipoagizwa. Mwanasesere wetu ana taa za kupima; walinzi walikuwa wakikandamiza mara 128 hadi 134, na baada ya dakika ya kwanza kina kilikuwa kimepungua chini ya sentimita 4. Ni watu wenye nguvu kuliko wengi, lakini kasi iliwanyima nafasi ya kushuka chini vya kutosha. Kuwaambia wapunguze mwendo hakukusaidia kitu. Kilichosaidia ni kuhesabu kwa sauti, kubadilishana kila baada ya dakika 2 hata kama aliyepo anadai hajachoka, na simu iliyowekwa chini karibu na sikio ikilia mara 110 kwa dakika. Zaidi ya yote ilisaidia kuuzima muziki.

Hapo likaja la tatu, kwamba hatukuwa na njia ya kumwambia DJ azime. Tulijaribu kuinua tochi yenye mwanga mwekundu. Moshi wa jukwaani na taa za rangi ziliimeza. Tulijaribu kumtuma mtu. Alitumia sekunde 70 kupenya umati. Sasa redio moja yenye kisikizi cha sikioni inakaa kwa DJ kila usiku, na neno moja tulilokubaliana linazima muziki na kuwasha taa zote. Tulipolijaribu mara ya mwisho ilichukua sekunde 9.

Gharama: saa 42 katika jioni tatu, redio moja ya ziada, na barakoa za kupulizia 4. Asiyetaka au asiyeweza kupuliza aendelee kukandamiza tu bila kusimama. Anayeweza afuate mikandamizo 30 kwa pumzi 2.

24 Februari: Neno lililopigwa marufuku

Kuanzia leo hakuna anayeruhusiwa kusema “amelewa” kwenye redio kabla ya kutaja mambo matatu: anaitika au haitiki, anapumua vipi, na ngozi yake ikoje kwa rangi na joto. Neno lile ni dhana inayojifanya jibu, na likishatamkwa kila anayelisikia huacha kufikiri. Mwenye kisukari ambaye sukari yake imeshuka hupepesuka, hutokwa jasho na huweza kuwa mgomvi. Aliyemaliza kifafa huamka akiwa haelewi alipo. Aliyegonga kichwa huweza kuzungumza vizuri kwa muda kisha akazimika. Aliyemeza vidonge vya kuchangamsha huweza kuwa na joto kali la mwili huku akiweweseka. Kila mmoja wao anaweza pia kunuka pombe.

Kanuni ilishindwa ndani ya wiki moja. Walinzi waliigeuza kuwa wimbo: “anaitika, anapumua, ngozi sawa,” bila hata kuinama. Tuliirekebisha kwa kudai namba. Mlinzi sasa anahesabu pumzi kwa sekunde 30, anazidisha mara mbili na kutaja jumla. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Ikishuka chini ya 10 tunaita gari la wagonjwa, na ikiwa chini ya 8, au kukiwa na kimya cha sekunde 10 kati ya pumzi na pumzi, tunajua kwamba hatari imeshafika. Asiyeitika anapata gari la wagonjwa hata namba ikiwa nzuri. Haiwezekani kutaja namba bila kupiga magoti, na kupiga magoti ndiko hasa tulikokutafuta.

Tulifuta pia ile kauli ya “mwacheni alale, ataamka.” Pombe iliyo tumboni huendelea kuingia kwenye damu baada ya glasi ya mwisho, kwa hiyo mtu anaweza kuzidiwa akiwa amelala mbele ya macho yetu. Asiyeweza kukaa mwenyewe analazwa ubavu, kichwa kikiwa kimeinamishwa kidogo nyuma na mdomo ukielekea chini ili matapishi yatoke, na mtu anabaki naye.

Mzee wa timu yetu, ambaye amelinda milango miaka mingi kuliko sisi sote, aliniuliza: “Mkubwa, nikiita gari la wagonjwa halafu ikawa pombe tu, nani atabeba lawama?” Nilimwambia ni mimi. Alinitazama bila kusema kitu, na nilielewa kwamba maneno hayatoshi. Nimeandika karatasi inayosema kuwa hakuna mlinzi atakayekatwa mshahara wala kukemewa kwa kuita msaada, nimeitia saini, na imebandikwa ukutani karibu na kabati la redio.

Gharama: saa 7 za mazungumzo. Simu mbili za mwezi huu zilionekana baadaye kuwa pombe tupu, na sizijutii.

9 Machi: Mikono yetu wenyewe

Sehemu hii haikuwemo kwenye mpango. Tulipokuwa tukifanya zoezi la kumtuliza mgomvi, wawili walimlaza mwenzao kifudifudi, mmoja akaegemeza goti mgongoni. Aliyelala alisema hawezi kupumua. Akajibiwa msemo wa zamani wa kazi yetu: anayeongea anapumua. Nilisimamisha zoezi hapo hapo.

Msemo huo ni wa uongo na unaua. Maneno machache huhitaji hewa kidogo sana, na mtu anaweza kuyasema huku kifua chake kikishindwa kupanuka vya kutosha kuuhudumia mwili uliotoka kupigana. Anaposhtuka na kuanza kufurukuta ili apate hewa, sisi huona ni ukaidi na kuongeza uzito. Anapotulia ghafla, sisi huona ameshindwa.

Marekebisho: hakuna uzito mgongoni, shingoni wala tumboni, akilazimika kulala kifudifudi, ageuzwe ubavu au aketishwe mara tu mikono inapodhibitiwa. Mlinzi mmoja hashiki chochote. Kazi yake ni kukaa upande wa kichwa, kutazama uso, kuzungumza na mtu huyo, na kutoa amri ya kuachia, amri ambayo hata mimi siruhusiwi kuipinga. Wawili kati ya wenzetu walilalamika kwamba hilo litawafanya waumizwe. Tumefanya zoezi hilo mara kumi na moja, na mgomvi wa mazoezi hajafanikiwa kumpiga yeyote kwa sababu ya kugeuzwa ubavu.

23 Machi: Mkoba na mashine

Mkoba wetu wa huduma ya kwanza ulikuwa mkubwa, mzuri, na umefungiwa ofisini. Kuufikia kutoka uwanja wa nyuma kulichukua dakika 2 na sekunde 40, nyingi zikiwa za kumtafuta mwenye ufunguo. Sasa kila mlinzi ana kipochi cha mkanda chenye jozi mbili za glavu, shashi ya kujazia jeraha, bandeji ya kubana na barakoa, na mkanda wa kubana damu uko kwenye kila mlango. Vidonda vya vioo ndivyo tunavyokutana navyo zaidi: kama hakuna kipande kilichobaki ndani, mkono unakandamiza moja kwa moja bila kuchungulia, kama kipo, hakichomolewi, bali tunabana pembeni yake. Mkanda unafungwa sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha la mkono au mguu, kamwe si juu ya kiungo, unakazwa hadi damu isimame ingawa utaumiza, na saa inaandikwa. Tulikosea kwa kufanyia mazoezi mikanda ile ile ya kazi hadi mmoja ukachakaa na kukatika. Mikanda ya mazoezi sasa imepakwa rangi ya bluu na haitoki darasani.

Kuhusu mashine ya kushtua moyo, mwenye klabu alisita, nami sikumlaumu, kwa sababu ndicho kifaa ghali kuliko vyote. Kilichomshawishi ni utafiti uliochapishwa mwaka 2000 nchini Marekani, uliofuatilia maafisa wa ulinzi wa kasino waliofundishwa kutumia mashine hizo. Miongoni mwa walioonekana wakianguka kwa moyo uliovurugika mapigo, asilimia 74 ya walioshtuliwa ndani ya dakika 3 walitoka hospitali wakiwa hai. Waliochelewa zaidi ya hapo walikuwa asilimia 49. Waliofanya kazi hiyo hawakuwa madaktari. Walikuwa walinzi kama sisi, katika jumba lenye kelele na watu wengi kama letu.

Tuliitundika mashine ofisini kwanza, tukarudia kosa la mkoba. Sasa iko karibu na mlango mkuu, kwenye kisanduku kisicho na kufuli, na mlinzi yeyote anaifikisha popote chini ya sekunde 60. Tumeongeza ndani yake taulo, kwa sababu kifua chenye jasho hakishiki vibandiko, na wembe na mkasi. Taa yake ya betri hukaguliwa kila zamu.

20 Aprili: Tukio la kwanza la kweli

Msichana alikutwa chooni akiwa haamki. Aliyemkuta alitaja namba: pumzi 6, midomo imegeuka rangi, mboni ndogo kama ncha ya sindano. Rafiki zake wawili walisimama pembeni, kimya. Hapa niliona jambo ambalo hakuna kozi iliyotuambia: sisi ndio tunaowapekua mlangoni, na hakuna anayemwambia mpekuzi alichomeza. Mlinzi wetu wa kike aliwaambia, “Wadogo zangu, sitafuti mali wala jina. Nataka kujua alichotumia ili nimpumulie.” Wakasema ni dawa ya jamii ya afyuni. Gari la wagonjwa lilikuwa limeshaitwa. Mlinzi huyo alimsaidia msichana kwa pumzi za barakoa, na nalokisoni ya kupuliza puani, dawa inayozuia nguvu ya afyuni, ambayo tumepewa mafunzo na ruhusa ya kuitumia, ikatumika. Baada ya dakika chache msichana akafumbua macho.

Kosa lilikuja baada ya hapo. Alikasirika, akataka kwenda nyumbani, na sisi kwa furaha ya kumwona amesimama tukampisha njia. Nalokisoni hufanya kazi kwa dakika 30 hadi 90, na dawa aliyotumia inaweza kudumu kuliko hiyo. Akizimika tena njiani hatakuwapo wa kumhesabia pumzi. Dada yule yule alimfuata hadi kona ya barabara, akaketi naye na kuzungumza naye hadi gari lilipofika. Sasa kila tukio lina mtu mmoja aliyeteuliwa kubaki na mgonjwa hadi amkabidhi kwa wahudumu, na nafasi yake mlangoni inajazwa na mwingine mara moja. Dada huyo alipewa usiku uliofuata wa kupumzika kwa malipo, jambo ambalo tulipaswa kuliweka kwenye mpango tangu Januari.

18 Mei: Kipimo cha pili

Wawili wameacha kazi, wawili wameingia. Tulirudia jaribio la ujiani bila kutoa taarifa. Kumi na mmoja walipiga magoti na kutaja namba ndani ya dakika moja. Wawili waliita msaada kwanza lakini hawakuhesabu. Mmoja alimshika makwapani; ni mgeni wa wiki ya pili mwenye cheti kipya kabisa. Kwa hiyo mgeni sasa hafanyi zamu kabla ya saa 2 za zoezi la ukumbini, muziki ukiwa juu.

Ukandamizaji umeshuka kwa waliokosa mazoezi ya Aprili, hata kwa wale waliokuwa bora Februari. Tumeweka dakika 15 kabla ya kufungua, mara mbili kwa mwezi, mada moja kila mara.

1 Juni: Ngazi

Tangu Februari kila tukio linaandikwa kwenye karatasi moja: saa, mahali, pumzi, kilichofanyika, aliyekabidhiwa. Leo nilizipanga zote mezani kwa mara ya kwanza. Kati ya majeraha saba ya kichwa, manne yalitokea kwenye ngazi ile ile aliyoangukia kijana wa mwaka jana, na yote manne kwenye kidato cha tatu kutoka chini, ambacho ukingo wake umelika na taa ya juu yake haiwaki. Miezi mitano tumejifunza kumhudumia anayeangukia hapo, na sote tumekikanyaga kidato hicho kila usiku.

Fundi ametumia saa 3. Ukingo umewekewa ukanda wa njano usioteleza, na taa mbili zimewashwa. Kwenye karatasi mpya za Juni, mahali ndipo panapojazwa kwanza, kabla hata ya saa.